Ng'ombe Mgonjwa Hachanjwi

Watu wa Gitting kila mmoja anasimulia habari hii kwa namna yake, na wote wanaikosea. Wanasema nililikalia lile kasha la chanjo kwa sababu ya jeuri. Jeuri ninayo, sikatai, hata mume wangu Yoakimu ukimuuliza atakuambia, na chumvi ataongeza. Lakini siku ile sikukaa kwa jeuri. Nilikaa kwa ajili ya mzee mmoja wa Gendabi anayeitwa Gidahosh, na kama una muda wa kunisikiliza bila kunikatiza, nitakueleza ilivyokuwa.

Mimi ni Letisia, Mama Glory, nina miaka sitini na mbili, na huu ni mwaka wa kumi na moja naumwa baridi yabisi. Sio ile ya kusema leo magoti yananivuta, mvua inakuja. Hii yangu ni ile ambayo kinga ya mwili wako mwenyewe inageuka inakuvamia wewe, viungo vinavimba, na asubuhi huwezi kufunga hata kifungo cha gauni. Dawa yake ni vidonge vya kuituliza hiyo kinga, unameza mara moja kwa wiki, na kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi unakwenda kliniki ya viungo kupimwa damu. Huko kliniki ndiko nilikokutana na Gidahosh.

Gidahosh ni Mbarbaig, mfugaji, mzee wa miaka kama sabini, mrefu, shuka begani na fimbo mkononi, na masikio yake yana matundu ya kupitisha kidole. Mimi ni Mwiraqw, mkulima. Mwaka wa kwanza hatukusemezana kabisa, maana ng'ombe wa huko kwao walishawahi kumaliza maharage ya kaka yangu na hawakubakiza hata majani. Lakini mama yangu alinilea, kwa hiyo kila nikimkuta nilimwamkia shikamoo mzee, naye akaitika marahaba, basi, kila mtu anaangalia kwake. Siku moja akaniuliza vidole vyangu vinafunguka saa ngapi asubuhi. Nikamwambia saa nne. Akasema vyake saa tano. Jamani, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata huyu niliyezaa naye watoto sita. Tangu siku hiyo nikawa namtunzia nafasi kwenye benchi.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Lameck, mwalimu mstaafu kutoka Dirma, mtu wa utani mwingi, aliyekuwa akituita darasa la watoro kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kushika chaki. Mwaka jana mwezi wa saba, baridi la mlimani lilipokuwa kali, Lameck akapata mafua. Mafua tu, haya ya kupenga kamasi. Siku ya nne yakashuka kifuani, siku ya tisa tukamzika. Baadaye daktari akatueleza wazi kwamba dawa zetu zikishaituliza ile kinga, mafua yakija hayakuti mtu mlangoni. Mimi kwenye mazishi nililia mpaka mke wa marehemu akanishangaa. Gidahosh hakulia. Alisimama pembeni ya kaburi ameegemea fimbo, na watu wote walipoondoka yeye alikuwa bado yupo.

Sasa mwaka huu mwezi wa tano, Nesi Juliana wa kliniki yetu akatukusanya wagonjwa wote wa viungo, kumi na wawili, akatuambia ana habari njema. Kuna chanjo ya mafua. Zimepatikana dozi kumi na mbili, moja kwa kila mmoja wetu, zitaletwa Alhamisi inayofuata ndani ya kasha la barafu, na gari litakalozileta litaondoka na kasha lake saa tisa mchana. Asiyekuja, dozi yake itapelekwa kwingine. Akaeleza vizuri kabisa kwamba chanjo yenyewe haina kirusi hai, haiwezi kukupa mafua, labda mkono utauma siku mbili, na kuhusu vidonge vyetu vya wiki daktari atamwambia kila mtu aendelee au apumzike kidogo. Watu wakafurahi. Oliva aliyekaa pale mbele, mwanamke asiyependa kupitwa na kitu, akaanza kukunja mkono wa sweta siku hiyo hiyo.

Ndipo Gidahosh akainua fimbo.

"Nesi," akasema, "kwenu mna ng'ombe?"

"Tunao, babu."

"Ng'ombe akiwa mgonjwa, bwana mifugo anamchanja?"

Nesi Juliana ni binti wa Mbulu, amekua akichunga, na ana tatizo moja ambalo sijui alifaulu vipi nalo chuoni: hajui kudanganya. Akafikiri kidogo. "Hapana, babu," akasema. "Mgonjwa hachanjwi. Anasubiriwa mpaka apone."

"Na sisi hapa ni wazima?"

Oliva akashusha mkono wa sweta. Unajua, huku kwetu kila mtu ana ng'ombe, asiye na kundi ana wawili, asiye na wawili anamfugia shemeji yake. Kila mmoja mle ndani alishamwona bwana mifugo akimruka ng'ombe aliyekonda, na baadhi yao walishamwona ng'ombe mgonjwa akilazimishwa kuchanjwa akafa kesho yake. Nesi akajaribu kusema binadamu si ng'ombe, lakini huku ukisema hivyo watu wanakuangalia kama umemtukana ng'ombe. Mmoja akakumbuka kwamba Alhamisi inayofuata ana harusi. Mwingine akakumbuka kwamba ana palizi, mwezi wa tano, mahindi yameshabeba. Robo saa haikupita, orodha ya watu kumi na wawili ikabaki haina mtu.

Na mimi? Mimi nitasema ukweli, hata mimi moyo ulirudi nyuma. Nilitoka pale nikijiambia kwamba mzee ana hoja. Ila nilipofika nyumbani nikakaa jikoni kumenya viazi, kiazi kimoja kwa robo saa kama kawaida yangu, nikamwona Lameck machoni jinsi alivyokuwa amelala kitandani akivuta hewa na mabega. Nikaweka kisu chini. Nikamwambia Yoakimu kwamba mwezi wa saba unakuja, na kama Gidahosh hatachanjwa, mimi nitakwenda mazishini tena na safari hii nitabaki peke yangu kwenye lile benchi.

Yoakimu akasema niachane naye, mzee wa watu ana wanawe na wake zake, wamshauri wenyewe. Nikamuuliza, akifa nani ataniuliza vidole vyangu vinafunguka saa ngapi? Yoakimu akasema atakuwa ananiuliza yeye. Nikamwambia haya, niulize. Akaniuliza. Nikamwambia hapana, sivyo. Masikini alijaribu mara tatu kwa sauti mbalimbali, mpaka nikamwonea huruma nikamwambia akale.

Jumatano, siku moja kabla ya chanjo, nikamwita Gerald wa bodaboda anipeleke Gendabi. Gerald ni mtu mzima, ana tumbo na ana subira, na alihitaji vyote viwili, tumbo nilishike na subira anivumilie, maana kwenye kila tuta nilikuwa namwambia alaaniwe. Barabara ile haikutengenezwa kwa watu wenye nyonga kama zangu. Nilifika nimeshaandaa maneno yote. Nilikuwa nianze na Lameck, nifuate na daktari, nimalizie na machozi kama yatahitajika.

Nikakuta boma limejaa vumbi na kelele. Kumbe siku hiyo na ng'ombe wao walikuwa wanachanjwa. Bwana mifugo, kijana mmoja mtaratibu aitwaye Evarist, alikuwa amesimama kando ya kibanio, ile njia nyembamba ya magogo wanayopitishwa ng'ombe mmoja mmoja, sindano mkono huu na kifaa cha kuwavalisha hereni za namba mkono ule. Gidamis, mtoto mkubwa wa Gidahosh, alikuwa anawasukuma kwa nyuma. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa kibanio, mikono yake iliyopinda imetulia juu ya magoti, na kila ng'ombe akipita alimtaja jina.

Nikamwamkia. Akaitika, akaagiza niletewe kigoda na maziwa. Nikaanza hotuba yangu, na nikuambie kweli, ilikuwa nzuri. Nilipofika kwa Lameck sauti ilitetemeka yenyewe bila kuiomba. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anaelewa, na anashukuru kwa safari niliyoifanya, ila mgonjwa hachanjwi. Halafu akasema tena, uso umenyooka kabisa, kwamba amesikia baada ya chanjo hata sisi tutavalishwa hereni, na yeye kwa upande huo hana shida, matundu anayo tayari. Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Nikakasirika. Nilikuwa nakaribia kumwambia neno ambalo mtu hamwambii mzee nyumbani kwake, mbele ya wanawe. Nikanywa maziwa ili kinywa kipate kazi. Hapo ndipo kwenye mlango wa kibanio akatokea ng'ombe mmoja jike mzee, mwekundu, mguu wa nyuma umepinda kwa nje, anatembea kwa kujivuta. Evarist alipomwona akasita, akataka kumwacha. Gidahosh akagonga fimbo chini akamwambia, na huyo.

Mimi nikashusha kibuyu cha maziwa.

"Mzee Gidahosh, huyo si mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi. Huyo ni mguu tu. Alianguka korongoni, mwaka wa nne huu."

"Miaka minne anachechemea, na bado unamchanja?"

Akanitazama kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Mama Glory, mgonjwa ni mwenye homa. Hali, hacheui, masikio yamelala. Huyo anakula na anacheua. Huyo ndiye wa kuchanjwa kwanza, maana maradhi yakija, wenzake watapona na yeye atabaki chini. Hana nguvu za kupigana..."

Hakumaliza. Nikamwona anasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Gidamis akaacha kusukuma. Evarist akageukia upande wa mlima akajifanya anakagua sindano, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Sikumhurumia hata kidogo. Nikamuuliza kama ana homa. Akasema hana. Nikamuuliza kama amekula. Kabla hajajibu, mke wake mkubwa akasema kutoka mlangoni kwamba amekula ugali wa watu wawili na ameuliza kama upo mwingine.

"Basi bado kucheua," nikamwambia.

Mzee akamwangalia yule ng'ombe mwekundu muda mrefu, akichomwa sindano, akivalishwa hereni, akitoka upande wa pili na kuanza kula majani kama hakuna kilichotokea. Kisha akasema atakuja kesho. Ila kwa sharti moja. "Utangulie wewe," akasema. "Kwenye kibanio anatangulizwa mtulivu, wengine wanafuata." Katika miaka yangu sitini na miwili ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mtulivu, na Gerald aliyekuwa anakunywa maziwa pembeni yalimpalia mpaka akapigwa mgongoni.

Alhamisi saa tatu asubuhi niko kliniki. Na sikuwa peke yangu. Ukitaka habari ifike wilaya nzima ya Hanang mwambie Gerald iwe siri. Wenzangu wote kumi walikuwa wameshasikia kwamba Gidahosh mwenyewe amemchanja ng'ombe kilema kwa sababu kilema si homa, na sasa kila mmoja alikuwa akimweleza Nesi Juliana jambo hilo kama vile yeye ndiye hajui. Oliva alikuwa ameshika shavu la mwenzake kumpima joto. Nesi aliwasikiliza wote, akawapima joto kwa kipimo, akasema ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo, mikono juu.

Nikatangulia kama nilivyoahidi. Nikachomwa. Nilisema neno moja dogo ambalo halikuwa la kanisani, na kazi ikawa imekwisha. Wengine wakafuata, na ilipofika saa nne na nusu watu kumi na mmoja walikuwa wameshachanjwa, wamekaa nje wanatazamana kuona nani ataanguka. Hakuna aliyeanguka. Kila mtu akaenda zake. Kwenye kasha ikabaki dozi moja.

Saa tano, Gidahosh hayupo. Nikampigia, simu imezimwa. Saa sita, hayupo. Nikamsema Gidahosh mimi peke yangu, nikasema wafugaji ndivyo walivyo, anakuambia kesho kumbe yeye kesho yake ni baada ya masika. Saa saba dereva wa gari akaja akasema mawingu yanajikusanya na kule mbele kuna mto wa kuvuka, hataweza kungoja saa tisa, anaondoka sasa na kasha lake. Nesi Juliana akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama, nimejaribu. Kuna wazee kule anakokwenda, wataitumia."

Akafunga mfuniko wa kasha, akalisogeza mlangoni, akaingia ndani kuchukua karatasi za kusaini. Na mimi nikakaa juu yake.

Sikupanga. Kasha lilikuwa la urefu mzuri, miguu ilikuwa imechoka, nikajikuta nimekaa. Nesi akatoka akanikuta. Akaniomba. Dereva akaniomba. Mlinzi wa getini akaja akaniomba na yeye, ingawa hakujua tunaombana nini. Nikawaambia ningependa sana kusimama, ila magoti yangu yakishakaa hayasimami mpaka yawe tayari, ni ugonjwa, wamuulize nesi mwenyewe anajua. Dereva akamuuliza nesi kama ni kweli. Nesi Juliana, asiyejua kudanganya, akasema kitaalamu ni kweli kabisa. Dereva akataka waninyanyue. Nikamwambia anishike taratibu, mkono huu umetoka kuchomwa sindano, na bega hili likishikwa vibaya linapiga mtu lenyewe. Akarudi nyuma.

Basi nikakaa, na nilipokuwa nimekaa nilikuwa nasema. Nilisema juu ya madereva wanaoogopa mito. Nilisema juu ya wazee wanaoahidi. Watu waliokuja kuchukua dawa za watoto wakasimama kusikiliza, wawili wakatoa simu wakanipiga picha, ndiyo hizo mnazoziona kwenye simu zenu. Na kila mtu alidhani nina hasira. Hasira ilikuwepo. Ila chini yake nilikuwa naogopa, kwa sababu kila nilipotazama barabara naona tupu, na nilijua mwezi wa saba uko karibu, ila mzee sikujua yuko wapi. Nilijiambia nikisimama tu, nimemzika.

Saa nane na dakika kadhaa nikaona shuka likitokea nyuma ya banda la mashine ya kusaga, pale ng'ambo ya barabara, hatua hamsini kutoka tulipo. Gidahosh, anakuja polepole na fimbo yake. Nyuma yake Gidamis anasukuma pikipiki.

Nikamuuliza ametoka wapi. Akasema pale kwenye mashine. Nikamuuliza tangu saa ngapi. Akasema tangu saa mbili asubuhi.

Saa mbili. Kabla hata mimi sijafika. Hapo kichwa kikawaka moto kweli. Nikamwambia kumbe ndiyo maana yake ya nitangulie, kwamba mimi ni ng'ombe wa kujaribia, aone kama nitakufa ndipo yeye aamue. Nikamwambia nimemsemea kwa watu, nimevunjika nyonga kwenda kwake, nimekalia barafu saa nzima mpaka sehemu nyingine za mwili sizisikii, naye amekaa kivulini ananiangalia. Nilisema mengi. Dereva alisahau mto wake akakaa chini kusikiliza. Mzee hakunikatiza hata mara moja.

Aliyenikatiza ni Gidamis. Akaniamkia kwanza, shikamoo mama, na pamoja na hasira zangu zote nikalazimika kusema marahaba. Kisha akaniuliza kwa aibu kama naweza kumwombea kwa mtu lita moja ya mafuta, kwa sababu ya kwao yamekwisha. Mzee alimkataza kuzima pikipiki tangu asubuhi. Iliwaka pale kivulini kuanzia saa tatu, nilipoingia kuchomwa, mpaka saa saba ilipozimika yenyewe.

"Ya nini sasa?" nikauliza.

"Ya kukuwahisha hospitali kubwa, ukianguka," akasema Gidamis. "Na simu alizima ili chaji isiishe, aje kumpigia Baba Glory."

Nikamgeukia Gidahosh. Alikuwa anaangalia chini, anachora vumbi kwa ncha ya fimbo.

"Kwetu anayetangulia anaangaliwa mpaka jua ligeuke," akasema. "Tungechanjwa wote, tukaanguka wote, nani angemwambia Yoakimu?" Akafuta alichokichora. "Lameck hatukumwangalia, Mama Glory. Tulisema ni mafua tu."

Mimi Letisia sikuwa na neno. Waliokuwepo wanaweza kukuthibitishia, maana wengine walidhani sasa ndiyo chanjo imenishika. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na fimbo yake mwenyewe, na sikuweza lolote kwa sababu nilikuwa bado nimekaa juu ya dozi yake. Ilibidi dereva na mlinzi wanivute, mmoja huku mmoja huku, na safari hii magoti yalikuwa yamekataa kweli.

Nesi Juliana akampima joto. Akasema hana homa, babu. Gidahosh akasema anajua. Akashusha shuka, akatoa mkono, na sindano ilipoingia hakupepesa hata jicho. Alipoulizwa kama imemuuma akajibu kwamba maneno yangu ndiyo yaliyomuuma, hiyo nyingine hakuisikia. Dereva akachukua kasha lake akaondoka, na mto, kama mnataka kujua, aliuvuka bila shida yoyote.

Nesi akasema mzee akae nusu saa chini ya uangalizi, kisha yuko huru. Tukakaa nje. Gidamis akaenda kutafuta mafuta. Nusu saa ikaisha, mzee akashika fimbo ainuke. Nikamwambia akae.

"Nesi amesema nusu saa," akasema.

"Nesi ni wa hospitali. Mimi nakuangalia kwa taratibu za kwenu. Jua likishashuka kwenye mlima ndio utaondoka."

Akanitazama, akatazama jua, lilikuwa bado liko juu sana. Akatazama miguu yangu iliyovimba imenyooka mbele kama magogo mawili.

"Na nikianguka," akasema, "wewe na miguu hiyo utafanya nini?"

"Nitapiga kelele."

Akafikiri. "Hilo utaweza," akasema. Akaegemea ukuta, akajifunika shuka vizuri, akafumba macho. Nikamgeukia, nikaanza kuhesabu kifua chake kikipanda na kushuka.